Torger Tokle, bingwa wa kuruka kwa skii aliyeuawa vitani Italia mwaka 1945: jeshi lilimhitaji kama bingwa au kama askari?

Mdadisi wa Michezo, Morogoro:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kwa muda sasa nimekuwa nikifuatilia maisha ya Torger Tokle, kijana wa Norway aliyehamia Marekani mwezi Januari 1939 akiwa na umri wa miaka 19, akafanya kazi ya useremala mjini New York, na katika misimu michache tu ya baridi akawa mrukaji wa skii asiyeshikika katika nchi nzima. Kwa wale wasioufahamu mchezo huo, mshindani huteremka kwa kasi kubwa kwenye njia iliyojengwa kilimani, skii mbili ndefu zikiwa zimefungwa miguuni, na afikapo ukingoni hujirusha hewani. Mshindi hupatikana kwa kujumlisha umbali alioruka na alama ambazo waamuzi humpa kwa namna alivyojiweka angani na alivyotua.

Inasimuliwa kwamba hata siku moja haikupita tangu aliposhuka melini kabla hajashinda mashindano yake ya kwanza huko Bear Mountain, kaskazini mwa jiji la New York. Mwaka 1941 aliweka rekodi ya Marekani ya futi 273 huko Leavenworth, jimbo la Washington, na wiki chache baadaye, katika jimbo hilohilo, akaupata ubingwa wa taifa kwa kuruka futi 288. Mwaka uliofuata, huko Iron Mountain, jimbo la Michigan, aliongeza futi moja juu ya rekodi yake mwenyewe, ikawa 289, yaani takriban mita 88. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba alishinda mashindano 42 kati ya 48 aliyoshiriki Marekani na kuvunja rekodi za vilima 24.

Katikati ya mafanikio hayo, mwaka 1942, aliingia katika jeshi la Marekani, akapangwa na askari wa milimani, na tarehe 3 Machi 1945 akauawa nchini Italia akiwa sajenti. Zilikuwa zimebaki siku 3 atimize miaka 26.

Swali langu linahusu uhusiano wa mambo haya mawili, yaani skii na uaskari. Sisi tumezoea kuona mwanamichezo akilelewa na jeshi: Juma Ikangaa alikuwa ofisa wa JWTZ, na jeshi hilo ndilo lililompa nafasi ya kufanya mazoezi mpaka akashinda mbio za marathoni za New York mwaka 1989. Kwa Tokle mambo yalikwenda kinyume, kwa sababu alikwisha kuwa bingwa kabla hajavaa sare. Je, jeshi lilimchukua kwa sababu ya skii? Na kama ndivyo, kuruka mita 88 kulikuwa na manufaa gani kwa mtu ambaye kazi yake ingekuwa kubeba bunduki? Nauliza hivi kwa sababu, kwa maoni yangu, mtu wa kipaji cha namna hiyo angeweza kabisa kubakizwa nyuma afundishe wengine, na sioni sababu iliyowafanya wakubwa wake wampeleke mstari wa mbele. Anayeifahamu habari hii kwa kina naomba atueleze.

Mkazi wa Milimani, Colorado:

Ndugu Mdadisi, ahsante kwa swali zuri. Ninaishi Colorado, na bonde ambalo askari hao walifanyia mazoezi lipo katika jimbo hili, kwa hiyo nitaanzia hapo.

Mawazo ya kuwa na askari wa milimani yalipata nguvu Marekani baada ya vita vya Finland na Urusi ya Kisovieti vya majira ya baridi ya 1939 na 1940, ambapo vikosi vya Finland, vikitembea kwa skii na vikiwa vimevaa mavazi meupe yasiyoonekana kwenye theluji, viliyasumbua majeshi makubwa yaliyokuwa yamekwama barabarani. Mtu aliyelishikia bango suala hilo alikuwa raia, Charles Minot Dole, mwanzilishi wa chama cha doria ya skii kilichokuwa kikiwasaidia watu wanaoumia kwenye miteremko. Aliandika barua, akabisha hodi katika mji mkuu, Washington, akapuuzwa, akarudi tena, mpaka mwezi Novemba 1941 jeshi likaunda rejimenti ya kwanza ya milimani, ya 87, huko Fort Lewis.

Jambo lisilo la kawaida ni namna askari walivyopatikana. Chama hicho cha Dole ndicho kilichopewa kazi ya kuwatafuta na kuwachuja, na kijana aliyetaka kujiunga alipaswa kuleta barua 3 za watu wanaothibitisha kwamba anaimudu milima na baridi. Wakaja wanafunzi wa vyuo waliokuwa na timu za skii, wapanda milima, wakata miti, na wahamiaji kutoka Norway, Austria na Uswisi. Miongoni mwao alikuwapo Mswisi Walter Prager, bingwa wa dunia wa mbio za kuteremka mwaka 1931 na 1933, ambaye kabla ya vita alikuwa akiifundisha timu ya chuo cha Dartmouth. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo: jeshi lilikuwa likiwatafuta watu wa aina ya Tokle kwa makusudi, na jina lake lilikuwa kubwa kuliko mengi.

Kuhusu swali la pili, inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo sisi tuliokulia mahali pasipo theluji huyaona kuwa kitu kimoja. Skii ya mrukaji ni ndefu, nzito, ina mifereji kwa chini ili imshikilie kwenye mstari, na hutumika kwa kuteremka moja kwa moja bila kukata kona. Askari alifundishwa kinyume chake kabisa. Mgongoni alibeba mzigo ambao wakati mwingine ulifikia ratili 90, yaani kilo 40 hivi, pamoja na bunduki, na alitakiwa apande mlima polepole akiwa amefunga vitambaa vya kuzuia kuteleza chini ya skii, kisha ashuke kwa mwendo wa kudhibitiwa, akipinda mara kwa mara, kwa kuwa anayeanguka na mzigo wa namna hiyo huvunjika mguu na kuwa mzigo kwa wenzake. Hakuna jenerali aliyewahi kuhitaji askari aruke mita 88 hewani. Kilichohitajika kutoka kwa bingwa ni mambo mengine: mizani ya mwili, mapaja na mapafu yenye nguvu, kutoiogopa miteremko, na maarifa ya kuisoma theluji ambayo mtoto wa Norway huyapata bila kufundishwa darasani.

Kambi yenyewe iliitwa Camp Hale. Ilijengwa mwaka 1942 kwenye bonde lililo juu ya mita 2,800 kutoka usawa wa bahari, mahali palipoitwa Pando, na ilijengwa kwa haraka mno. Majengo yalipashwa moto kwa makaa ya mawe, treni za makaa zilipita palepale, na kwa kuwa bonde limezungukwa na milima pande zote, moshi haukuwa na pa kutokea. Makuruta walikohoa usiku kucha, hata kikohozi hicho kikapewa jina la mahali hapo. Mtu aliyetoka mjini alifika akihema kwa uhaba wa hewa, akakutana na moshi, kisha akatolewa nje kulala kwenye theluji. Mazoezi makubwa ya Machi na Aprili 1944, ambapo divisheni nzima, yaani kikosi kikubwa kilichoundwa na rejimenti kadhaa za milimani, ilikaa mlimani wiki kadhaa katika dhoruba na baridi kali, yaliwajeruhi wengi kwa kuganda vidole, na wapo walionusurika vita waliosema kwamba hata Italia hawakupata tabu ya mwili kama ile.

Ndugu yangu, usidhani kwamba kambi ile ilikuwa mahali pa mabingwa kujifurahisha kwa gharama za serikali. Magazeti ya wakati ule yalipenda picha za vijana wenye mavazi meupe wakiteremka kwa madaha, na picha hizo ndizo zinazotupotosha mpaka leo.

Msomaji wa Historia, Trondheim:

Namuunga mkono Mkazi wa Milimani, ila ningependa kuongeza habari za upande wa huku Norway, kwa sababu maisha ya Tokle hayaeleweki vizuri yakianzia bandarini New York.

Alizaliwa tarehe 6 Machi 1919 katika mji mdogo wa Løkken Verk, kusini-magharibi mwa Trondheim ninapoishi. Ni mji uliojengwa kwa ajili ya mgodi, na watu wake walikuwa watu wa kazi za mikono. Katika miji ya namna hiyo kuruka kwa skii kulikuwa mchezo wa kila mtoto, kwa kuwa kilichohitajika ni kilima, theluji na moyo. Watoto walijenga ukingo wa theluji nyuma ya nyumba na kushindana mpaka giza liingie, na aliyeonyesha kipaji alipelekwa kwenye kilima kikubwa zaidi. Miaka ya 1930 shujaa wa kila kijana alikuwa Birger Ruud wa Kongsberg, mji mwingine wa migodi, ambaye alishinda dhahabu ya Olimpiki mwaka 1932 na tena mwaka 1936. Mtindo wa kuruka uliotawala wakati huo ulizaliwa Kongsberg pia: mrukaji hukunja kiuno, akalalia mbele juu ya skii zake na kunyoosha mikono. Tokle alitoka katika malezi hayo, na sifa yake kubwa ilikuwa nguvu ya miguu pale ukingoni; waliomwona walisifu mruko wake wa kujirusha kuliko madaha yake angani.

Ni vizuri pia rekodi zake zipimwe kwa haki. Mita 88 ilikuwa rekodi ya Marekani, siyo ya dunia, kwani Mwaustria Sepp Bradl alikwisha kuvuka mita 100 huko Planica, Slovenia ya leo, mwaka 1936. Hata hivyo umbali hutegemea ukubwa wa kilima, na vilima vya Marekani wakati huo havikuruhusu miruko ya namna hiyo. Kwa mtazamo wangu, kipimo cha haki zaidi kwa Tokle ni jinsi alivyowashinda wote waliosimama naye kwenye kilima kimoja, siku moja, katika upepo uleule, na hapo hesabu ya 42 kati ya 48 inajieleza.

Sasa tuje kwenye vita. Ujerumani iliivamia Norway tarehe 9 Aprili 1940, mwaka mmoja na miezi michache baada ya Tokle kuondoka. Wakati yeye akivunja rekodi Marekani, nyumbani wanamichezo walikuwa wamegoma: utawala uliowekwa na Wajerumani ulijaribu kuvitwaa vyama vya michezo, nao wanamichezo wakakataa kushiriki mashindano rasmi. Birger Ruud mwenyewe aliishia kufungwa katika kambi ya Grini. Na mji wa Løkken haukusahaulika. Madini ya mgodi ule yalihitajiwa na Wajerumani, kwa hiyo kati ya mwaka 1942 na 1944 makomando wa Kinorway waliofunzwa Uingereza waliihujumu mara kadhaa reli ya Thamshavn iliyoyasafirisha madini hayo kwenda pwani. Fikiria hali ya kijana anayeshangiliwa kila Jumapili huko ugenini, ilhali reli ya kwao inalipuliwa na nchi yake imekaliwa. Siwezi kusema kilichokuwa moyoni mwake, lakini ninapoulizwa kwa nini bingwa wa kiwango kile alivaa sare, naona vigumu kulijibu swali hilo bila kuitaja Norway.

Vita vilimnyima jambo jingine. Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 1940 ilifutwa, na ile ya mwaka 1944, iliyopangwa kufanyika Cortina d'Ampezzo nchini Italia, ikafutwa vilevile. Miaka ya ubora wa Tokle iliangukia palepale kwenye pengo hilo. Michezo iliporejea mwaka 1948 huko St. Moritz, Ruud, aliyekuwa na miaka 36 na aliyekwenda kama mwalimu wa timu, aliingia mwenyewe kuruka akapata medali ya fedha. Tokle angekuwa na miaka 28.

Mdadisi wa Michezo, Morogoro:

Nawashukuru nyote wawili. Nimeelewa kwamba kuruka hakukuwa na kazi ya moja kwa moja jeshini, na kwamba jeshi lilitaka mwili na uzoefu wake. Bado nina shaka moja. Ikiwa askari hawa walifunzwa kwa miaka karibu 2 kupigana kwenye theluji, je, huko Italia walipigana kwa skii? Na Tokle mwenyewe aliuawa katika mazingira gani? Nimekutana na maandishi yanayodokeza kana kwamba alikuwa akiteremka kwa skii risasi ilipompata, nami sipendi kuamini jambo kwa sababu tu linapendeza kusimuliwa.

Mstaafu wa Jeshi, Arusha:

Mdadisi, una haki ya kutilia shaka maandishi hayo. Nilitumikia jeshi miaka mingi na vita vya Italia nimevisoma kwa karibu, kwa hiyo naomba nikueleze kama askari anavyoviona.

Baada ya mafunzo ya Colorado, mwezi Juni 1944 divisheni ile ilihamishiwa Camp Swift, Texas, kwenye tambarare yenye joto kali. Askari walioandikishwa kwa barua 3 kwa ajili ya milima walijikuta wakitembea kwa miguu kwenye vumbi, na wengi waliamini kwamba jeshi limeachana kabisa na mpango wa milima. Mwezi Novemba mwaka huohuo ikapewa rasmi jina la Divisheni ya 10 ya Milimani, na mwishoni mwa Desemba rejimenti ya kwanza kusafiri, ya 86, ambayo ndiyo ya Tokle, ikashuka Naples. Skii zao zilibaki Marekani. Mwezi Januari 1945 zilifanyika doria chache za skii kwenye milima ya Apennini kwa vifaa vilivyopatikana hukohuko, lakini mashambulizi yote makubwa ya divisheni hiyo yalifanywa kwa miguu, kwenye matope, mawe na theluji iliyokuwa ikiyeyuka. Mizigo ilipandishwa na nyumbu.

Kilichobaki kutoka Camp Hale kilikuwa uwezo wa kupanda. Usiku wa tarehe 18 Februari 1945 mamia ya askari wa rejimenti ya 86 walipanda Riva Ridge, ukingo wa mlima ulioinuka mamia ya mita juu ya bonde, kwa njia nyembamba walizokuwa wamezichunguza siku zilizotangulia, na sehemu nyingine kwa kamba. Wajerumani waliokuwa juu waliamini kwamba kikosi kizima hakiwezi kupita upande ule, kwa hiyo ulinzi wao ulikuwa hafifu. Kulipokucha walikuta adui yuko nao kileleni. Ukingo huo ndio uliokuwa ukitazama mlima Belvedere, ambao majaribio ya awali ya kuuteka na kuushikilia yalikuwa yameshindwa, na usiku uliofuata rejimenti nyingine za divisheni zikaushambulia Belvedere wenyewe, askari wakiwa wameamriwa wasifyatue risasi gizani ili wasijionyeshe. Wahandisi wao walifunga waya wa kuninginiza kwenye Riva Ridge, na majeruhi ambaye kumshusha kwa machela kungechukua saa nyingi akashushwa kwa dakika chache. Nalitaja jambo hilo kwa sababu anayejua vita hupima kikosi kwa namna kinavyowashusha majeruhi wake, na kikosi kile kilikuwa kimefikiria.

Tarehe 3 Machi yalianza mashambulizi ya awamu ya pili, kusonga mbele kaskazini-mashariki ya Belvedere. Rejimenti ya 86 ilipita eneo la Monte Terminale na kijiji cha Iola, na huko ndiko Tokle alikouawa, akiwa sajenti wa askari wa miguu akisonga mbele pamoja na wenzake chini ya mashambulizi ya mizinga. Hakuwa na skii miguuni. Katika mapigano hayo ya Monte Terminale ndimo alimojeruhiwa vibaya Pete Seibert, kijana mwingine wa skii wa rejimenti hiyohiyo, ambaye alipona, akarudi kwenye mchezo licha ya majeraha yake, na mwaka 1962 akafungua kituo cha skii cha Vail, Colorado.

Sasa nirudi kwenye hoja yako kwamba angebakizwa nyuma afundishe. Nakuheshimu, ila sikubaliani nawe. Sajenti hateuliwi kwa umaarufu. Yeye ndiye anayewajua watu wake kwa majina, anajua nani anaugua mguu na nani haandikiwi barua na nyumbani, na amri ya ofisa haina maana mpaka ifike kinywani mwake. Ukimtoa siku kikosi kinapokwenda vitani, kwa sababu tu anaruka mbali kuliko wengine, umewaambia vijana waliobaki kwamba maisha yao yana bei ndogo. Divisheni ile ilijengwa na watu waliojitolea, na wengi miongoni mwao walikuwa watu waliosifika kwa mchezo fulani. Laiti ingeanza kuwaficha mabingwa, isingebaki na wa kumpeleka. Kwa hiyo jibu langu kwa kichwa cha mada yako ni kwamba jeshi lilimtafuta kama bingwa, likamlea kama askari, na lilipompeleka Italia lilimpeleka kama sajenti. Hapo sioni kosa. Naona uchungu, na uchungu huo unawahusu wenzake wote walioanguka, kwa kuwa divisheni hiyo ilipoteza takriban watu 1,000 katika muda wa miezi 4 hivi, mpaka majeshi ya Ujerumani yaliyokuwa Italia yaliposalimu amri tarehe 2 Mei 1945.

Msomaji wa Historia, Trondheim:

Mzee wetu Mstaafu, nimekusoma kwa makini na nakubali karibu yote, isipokuwa sehemu moja. Hoja yako kuhusu sajenti na watu wake inaeleza kwa nini Tokle hakutolewa kikosini mwaka 1945. Haielezi kwa nini hakupewa kazi ya kufundisha tangu mwanzo. Camp Hale ilikuwa na walimu wa skii na wa kupanda miamba, na wapo mabingwa waliotumika hasa kwa kazi hiyo. Swali la Mdadisi bado lina uzito, basi, hata kama kwa upande wangu nadhani jibu ni lile alilolidokeza Mkazi: walimu waliohitajika ni wale waliojua kumfundisha kuruta wa Texas kupinda na mzigo mgongoni, na huo ni ustadi tofauti na wa mrukaji. Ubingwa wa Tokle ulikuwa wa aina ambayo haifundishiki kwa wiki 6, wala jeshi halikuuhitaji.

Mkazi wa Milimani, Colorado:

Hoja nzuri, na ndiyo inayonishawishi zaidi.

Nimalizie kwa mambo mawili ambayo Mdadisi huenda akapenda kuyafuatilia. La kwanza ni kwamba jina la Tokle liliendelea kwenye vilima. Mdogo wake, Arthur, alihamia Marekani baada ya vita, akawa bingwa wa taifa mwaka 1951 na 1953, akaiwakilisha Marekani katika Olimpiki ya 1952 na ya 1960, na baadaye akawa mwalimu wa timu ya taifa ya kuruka. Mashindano ya kumkumbuka Torger yalifanyika kwa miaka mingi huko Bear Mountain, palepale alipoanzia, na mwaka 1959 aliingizwa kwenye jumba la heshima la mchezo wa skii la Marekani lililoko Ishpeming, Michigan.

La pili ni kwa yeyote atakayepita Colorado. Camp Hale ilibomolewa baada ya vita, na mwaka 2022 Rais Joe Biden alilitangaza eneo hilo kuwa hifadhi ya kumbukumbu ya taifa. Bondeni imebaki misingi ya saruji iliyozungukwa na majani. Ukiendelea na barabara namba 24 kupanda kuelekea kusini utafika Tennessee Pass, mita zaidi ya 3,100 juu ya usawa wa bahari, ambapo pembeni ya barabara limesimamishwa jiwe la matale lenye majina ya askari wa divisheni waliouawa. Majina yamechongwa katika safu ndefu, hayatofautishi aliyekuwa bingwa na aliyekuwa mkata miti, na itakubidi usome kwa subira mpaka uifikie herufi T. Nenda kati ya Juni na Septemba, maana miezi mingine theluji hufika magotini na ukungu hushuka ghafla.